Firigisi ya Mwenye Nyumba

Ipo nchi moja inayoitwa Jamhuri ya Ukarimu. Msiulize ipo upande gani wa dunia, maana kuuliza-uliza ndiko kulikowaponza wengi. Itoshe kujua kwamba ni nchi njema kupita zote, na raia wake hulikiri hilo kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki, kwa amri. Nembo yake ni kata ya maji juu ya sinia. Na juu ya lango la kila ofisi ya serikali pameandikwa kwa rangi ya dhahabu: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.

Katika nchi hiyo hakuna mtu aliyewahi kufukuzwa. Hilo lieleweke mapema. Nchi nyingine, zile zisizo na adabu, hukamata wageni, huwatia pingu na kuwatupa ng'ambo ya mpaka kama magunia ya pumba. Jamhuri ya Ukarimu haina tabia hiyo. Yenyewe husindikiza. Ipo Idara ya Kusindikiza Wageni, yenye magari ya kijani yaliyotiwa nondo madirishani (nondo hizo ni za kuwakinga wageni na vumbi) na maafisa waliosomea kutabasamu. Ikishaamuliwa kwamba mgeni fulani amekaa vya kutosha, afisa humwendea nyumbani, humpa mkono, humkabidhi kuku mmoja hai wa serikali, kwa kuwa mila haitaki mgeni aondoke mikono mitupu, kisha humwambia, "Karibu tena." Mgeni akisita kupanda gari, husaidiwa kupanda. Akilia, husaidiwa kunyamaza.

Swali lililobaki lilikuwa dogo tu: mgeni ni nani? Hilo lilisumbua vichwa vya wakubwa mpaka alipoteuliwa Mheshimiwa Kidevu kuwa Waziri wa Wageni. Huyu alitokea Wizara ya Mila, ambako alijipatia sifa kwa ule Waraka wa Firigisi, uliotangaza kwamba firigisi ya kuku ni haki ya mwenye nyumba peke yake, na yeyote mwingine atakayeitia kinywani atatozwa faini na kutangazwa redioni. Mtu mwenye akili kama hiyo hakosi jibu. Siku ya pili tu tangu aapishwe alitamka kwamba mwenyeji ni yule ambaye kitovu chake kimezikwa ndani ya mipaka ya nchi, na wengine wote ni wageni, hata wawe na mvi.

Ndipo ikaja Sensa ya Vitovu. Maafisa wakapita nyumba hadi nyumba na majembe, wakichimba nyuma ya vyoo, chini ya mabanda ya kuku na kwenye bustani za mchicha. Mzee mmoja alichimbiwa uwanja mzima, kikapatikana kijiko na nusu ya kandambili. Idara ilikaa kikao, ikakubali kumtambua kuwa mwenyeji kwa upande wa kijiko.

*

Siwema alikuwa mama lishe wa stendi katika mji wa Kitongoni, na mumewe, Shomari, alikuwa kinyozi mwenye kibanda cha mabati jirani na hapo. Walikuwa na watoto watatu. Wa mwisho alikuwa Kidawa, mtoto wa kike wa miaka mitano, ambaye makazi yake rasmi yalikuwa mgongoni kwa baba yake.

Huyu Shomari aliingia nchini akiwa amebebwa mbeleko. Mama yake alivuka Mto Kifuu kuja kumzika dada yake, akakaa arobaini, akakaa mavuno, akakaa moja kwa moja. Kitovu cha mtoto kilikuwa kimekwisha kuzikwa kule ng'ambo. Basi walipokuja watu wa Sensa kuuliza, Shomari, badala ya kuonyesha shimo lolote kama wenzake wenye busara, akajibu kweli tupu: "Changu kiko ng'ambo." Wakamshukuru sana, wakaenda zao.

Wiki chache baadaye, saa za adhuhuri, Siwema alisikia hodi.

"Karibu," akaitikia, kisha akamwona kuku, akatamani kulirudisha neno lake kinywani.

Aliyesimama mlangoni alikuwa Afisa Pazi wa Idara ya Kusindikiza, mteja wa siku nyingi wa Shomari. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa muda ule ule, kinang'aa, bado kinanukia spiriti. Siwema akaitambua kazi ya mumewe. Pazi alikuwa ameona vyema anyolewe kwanza ndipo alete habari, kwa maana alikuwa hamwamini kinyozi mwingine.

"Shemeji, nimekuja na salamu za Serikali," alisema Pazi, akatabasamu kama alivyosomea. "Kitovu chako wewe tumekikuta kwa mama yako, kizuri kabisa. Vya watoto vyote vitatu vipo hapo nyuma ya choo. Kwa hiyo nyie ni wenyeji. Huyu bwana ni mgeni wenu. Serikali inawashukuru mno kwa kumkirimu."

"Nimemkirimu?"

"Miaka yote hii."

"Pazi, huyu mtu nimezaa naye."

"Ndiyo maana tunashukuru mno."

Siwema hakuishiwa maneno. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la huyu limebadilishwa mpini mpaka nimesahau ule wa kwanza ulikuwaje. Bati hilo juu yako kalipiga yeye. Mgeni gani huyo?"

"Mgeni mchapakazi," alisema Pazi kwa heshima, na ilionekana anasema kwa moyo safi.

"Na huko ng'ambo atafikia kwa nani? Hamjui mtu hata mmoja."

"Kitovu chake kipo, shemeji. Hawezi kukosa pa kufikia."

Kisha Pazi akatoa habari njema, ambayo alikuwa ameihifadhi mwisho kama mtu anavyohifadhi mnofu. Mheshimiwa Waziri alitaka nchi ione jinsi Serikali yake inavyowaaga wageni kwa upendo, na Idara ilikuwa imepekua mikoa yote kutafuta mgeni mmoja msafi, mpole, asiyepiga kelele mbele ya kamera. Heshima hiyo ilikuwa imemwangukia Shomari. Jumamosi Mheshimiwa angekuja mwenyewe, na bendi, kumsindikiza mpaka mtoni.

Kabla hajaondoka, Pazi alichuchumaa mbele ya Kidawa, kwa sababu utaratibu ulitaka wenyeji wote wajulishwe, hata wenye meno ya utoto.

"Mama mdogo, baba yako ni mgeni wako. Unajua mgeni anafanyiwaje?"

"Anapewa maji," alijibu Kidawa.

"Hodari sana."

*

Kidawa alikuwa mtoto msikivu. Jioni ile Shomari aliporudi alikuta kiti kizuri, kile chenye kitambaa cha kufuma, kimesogezwa katikati ya chumba. Kidawa akapiga goti, akamletea maji ya kunawa, kisha akamletea kikombe chenye maua, ambacho hakikuwahi kutoka kabatini ila kwa mashekhe na wakwe.

"Karibu, Baba. Jisikie nyumbani."

Shomari alicheka mpaka akapaliwa. Kesho yake alipotengewa tena kile kikombe, hakucheka. Alimwinamia Kidawa na kumpa mgongo kama siku zote, na Kidawa akarudi nyuma hatua moja, akaweka mikono nyuma. Mgeni hapandwi mgongoni. Hilo alikuwa amefundishwa na mama yake mwenyewe.

"Mama," aliuliza baadaye jikoni kwa sauti ya chini, kama watu wazima wanavyoulizana, "mgeni wetu anaondoka lini?"

Siwema akatoka nje, akachukua sufuria iliyokwisha kuoshwa, akaiosha tena. Uchungu alioupata siku hiyo haukufanana na ule wa kuzaa watoto wote watatu. Mume anaweza kuchukuliwa na gari, hilo aliliogopa. Kumbe Serikali ilikuwa na njia ya kumchukua angali amekaa kitini.

Wale watoto wakubwa wawili walishughulikia tatizo kwa njia yao. Walizika kipande cha tangawizi nyuma ya choo na kukiwekea jiwe la alama, wakaapa mbele ya jirani kwamba ndicho kitovu cha baba yao. Jirani huyo, Bi Mtumwa, hakuwacheka. Mume wake alikuwa amesindikizwa mwaka uliopita, na sasa alikuwa anaishi ndani ya simu. Watoto wake walimwamkia humo kila Ijumaa, wakamweka juu ya meza wakati wa kula, na chaji ikiisha baba yao alikuwa anakatika katikati ya neno.

"Mama Kidawa, niache niende kwa amani," alisema Shomari. "Nitatafuta njia ya kurudi."

"Utarudi kwa mlango gani, Baba Kidawa? Wenzako wote wameambiwa 'karibu tena.' Umemwona nani karudi?"

Shomari akachukua wembe, akaanza kuwanyoa watoto wote, hata ambaye hakuwa na nywele za kunyoa, ili awaache safi.

Ijumaa Siwema alikuwa stendi akipakua wali, huku redio ya muuza soda ikimsifu Mheshimiwa Kidevu. Mtangazaji alikumbusha jinsi Mheshimiwa anavyopita vijijini kuifundisha nchi mila, na jinsi katika kila kijiji anavyoshika firigisi kwa mkono wake mwenyewe na kuikabidhi kwa mwenye nyumba mbele ya umati. Dereva mmoja wa lori alinong'ona kwamba yeye alitozwa faini kwa firigisi aliyopewa na shemeji yake, tena haikuwa imeiva.

Mkono wa Siwema ulisimama na upawa hewani.

Alirudi nyumbani mapema. Kuku wa Serikali alikuwa amefungwa kwenye mguu wa kabati la jikoni, ameanza kuzoea. Siwema akamtazama. Kuku naye akamtazama, na bila shaka alielewa mapema kuliko Idara nzima.

*

Jumamosi mtaa ulijaa. Bendi ilikuja, viti vya plastiki vikaja, maturubai yakaja, na gari la kijani likaegeshwa kwa adabu pembeni. Gari la Waziri lenyewe lilimteremsha, likatangulizwa mtoni na zulia jekundu, ili zulia litandikwe pale mpakani kabla ya mgeni kufika.

Mheshimiwa Kidevu alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, na aliipenda sauti yake.

"Ndugu wananchi! Wapo wanaotusema. Wanasema tunatenganisha familia. Uongo! Sisi tunaitenga familia ili kila mmoja apate nafasi ya kumkumbuka mwenzake! Leo tunamuaga Bwana Shomari. Je, tunamchukia?"

"Hatumchukii!" waliitikia watu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo walisema kweli.

"Tunampenda! Na mtu unayempenda humwachi aende peke yake!"

Shomari alikuwa amesimama kando yake na kanzu iliyopigwa pasi, na kijibegi, akionekana msafi na mpole kama Idara ilivyoahidi. Hotuba ilikuwa na kurasa nyingi. Lakini kufikia ukurasa wa tatu upepo ulibadilika ukatokea upande wa jikoni, na ukaleta harufu ya kuku wa nazi aliyetiwa pilipili manga na ndimu. Mheshimiwa alirudia sentensi moja mara mbili. Kisha akaruka ukurasa.

Siwema alijitokeza mlangoni akiwa amejifunga kanga mpya. Sauti aliyoitoa ni ile ya kuita wateja stendi.

"Mheshimiwa, umefika kwetu. Utaondoka bila kuonja chochote? Watu watatusemaje?"

"Ratiba, Mheshimiwa," alinong'ona Pazi. "Mtoni wanangoja."

"Pazi," alisema Waziri kwa huzuni ya mtu anayesikia njaa, "kukataa chakula cha mwenyeji ni kuvunja mila. Nimeandika mwenyewe."

Akavua viatu, akaingia, akaketi mkekani. Kamera zikabanana dirishani. Pazi alipokuwa anapita uani aliona manyoya.

"Shemeji, yule kuku wa safari..."

"Keshafika," alisema Siwema.

Wali ukaletwa, na mchuzi. Kidawa akazunguka na birika la maji, akamnawisha Waziri, akamnawisha Pazi, akamnawisha na baba yake, kwa zamu, kama mtoto mwenye wageni watatu. Waziri akapewa paja, ambalo ndilo stahili ya mgeni. Mwisho kabisa Siwema akaleta kibakuli kidogo, akakiweka mbele ya Mheshimiwa, peke yake. Ndani yake palikuwa na firigisi.

Siwema akakaa karibu na mlango, akaangalia chini. "Mheshimiwa, sisi huku hatukusoma. Tunasikia tu redioni. Tufundishe na sisi, hii ni ya nani?"

Hapakuwa na swali jingine duniani ambalo Mheshimiwa Kidevu alilipenda kama hilo. Aliweka paja chini. Akafuta midomo. Akageukia dirishani penye kamera.

"Firigisi," alianza, na nje bendi ikanyamaza, "si nyama. Firigisi ni cheo! Hapewi mgeni, hata awe mfalme. Akila mgeni, kajitangaza kuwa ndiye mume wa nyumba, na huo ni ugomvi. Hapewi mtoto baba yake akiwa hai. Kumpa mtoto ni kumtabiria baba kifo. Hairudishwi jikoni, maana nyumba ambayo firigisi inarudi jikoni ni nyumba isiyo na nguzo. Firigisi ni ya mtu mmoja! Yule aliyeezeka bati, yule ambaye akikohoa watoto wanajua mlango umefungwa, yule ambaye nyumba ikiulizwa 'una nani?' inamtaja yeye!"

Maneno yalikuwa mazuri hata machozi yakamlengalenga mwenyewe. Akanyanyua firigisi kwa vidole viwili. Na mkono ule, uliokuwa umeigawa firigisi katika kila kijiji cha Jamhuri, ukafuata njia yake ya siku zote, ukaenda moja kwa moja kwa mwanamume aliyekaa mkabala.

"Pokea, mwenye nyumba!"

Watu wakapiga makofi. Bi Mtumwa akapiga kigelegele. Shomari alikuwa amelelewa asikatae chakula cha mkono wa mkubwa, basi akafungua kinywa, akapokea, akaanza kutafuna.

Firigisi haitafuniki haraka. Makofi yalipokwisha, yalisikika meno ya Shomari tu, yakiendelea na kazi.

"Mheshimiwa," alisema Pazi, na tabasamu la kusomea lilikuwa limemtoka, "huyo ndiye tunayemsindikiza."

Waziri alimtazama Shomari. Akatazama kibakuli kitupu. Akatazama kamera.

"Nilikuwa na maana... mwenye nyumba wa muda," alisema.

"Waraka hauna wa muda, Mheshimiwa," alisema Siwema taratibu. Sasa alikuwa ameinua uso. "Mheshimiwa, umekula kwangu. Umemtambua mume wangu kwa mkono wako, nchi nzima inaona. Nieleweshe jambo moja tu, nami sitauliza tena. Hivi mgeni humsindikiza mwenyeji atoke kwake?"

Watu walipasuka kwa kicheko kuanzia dirishani mpaka barabarani. Mheshimiwa hakucheka. Alikuwa anapima. Kama Shomari ni mgeni, basi firigisi imeliwa na asiyestahili, na aliyemlisha ni Waziri, na Waziri ndiye atakayetozwa faini na kutangazwa redioni, na redio ilikuwa pale pale. Kama Shomari ni mwenyeji, basi Sensa nzima ya Vitovu imekosea mtu mmoja, na Sensa haina uso wa kuona haya. Katika Jamhuri ya Ukarimu mambo kama hayo hayachukui muda mrefu kuamuliwa.

"Ndugu wananchi!" alinguruma, akasimama. "Nimekuja hapa leo kuhakiki kwa njia ya firigisi! Na nimehakiki! Huyu ni mwenyeji halisi! Pazi, ni nani aliyewadanganya kwamba ni mgeni?"

"Ni yeye mwenyewe, Mheshimiwa."

"Unyenyekevu! Ndiyo dalili ya kwanza ya mwenyeji!"

Bendi, ambayo ilikuwa imefanya mazoezi ya wimbo mmoja tu, ikapiga wimbo wa kuaga. Hakikuharibika kitu, kwa sababu aliyekuwa anaondoka alikuwepo. Mtaa mzima ukamsindikiza Mheshimiwa. Siwema akamfungia mabumunda kwenye jani la mgomba. Na kwa kuwa gari lake lilikuwa bado mtoni na zulia, Waziri alipanda lile la kijani, na nondo zikamkinga na vumbi vizuri kabisa.

"Karibu tena," alisema Shomari, akampa mkono kupitia nondo.

*

Serikali haikosei mara mbili. Mwezi uliofuata ulitoka mwongozo kwamba maafisa wa kusindikiza ni marufuku kula kwenye nyumba wanazozihudumia, na kuku wa Serikali sasa hutolewa akiwa amechinjwa, amenyonyolewa, na firigisi imetolewa. Hila ya Siwema, basi, ilifaa nyumba moja tu. Mume wa Bi Mtumwa bado yuko ndani ya simu, na magari ya kijani bado yanapita Kitongoni, na kila yakipita Siwema huacha upawa, akahesabu watu wake kwa macho.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumamosi ile, baada ya watu kutawanyika na viti vya plastiki kuondoka, Shomari aliingia ndani, akajitupa kwenye kile kiti chenye kitambaa, amechoka kama mtu aliyetoka ng'ambo. Uani Kidawa alikuwa anaruka kamba na wenzake.

"Kidawa, mwanangu," aliita, "niletee maji ya kunawa."

Kamba haikusimama.

"Aah, Baba! Si ukachote mwenyewe! Kwani wewe mgeni?"

Katika nyumba ile mtoto hamjibu baba yake namna hiyo. Siwema aliinuka jikoni upawa mkononi, tayari kumfunza adabu, akafika mlangoni, akashindwa. Akakaa chini pale pale kizingitini, akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakamtikisika muda mrefu. Shomari akainuka, akachukua kata, akaenda mtungini.